Kutoa mandharinyuma ya picha kwa GIMP bila kumkata bibi harusi masikio

Msimu wa harusi ukianza, nusu ya kazi zinazoingia kwenye kompyuta yangu ni za aina moja. Inakuja picha ya bibi harusi mtarajiwa iliyopigwa kwa simu, nyuma yake geti, ndoo ya maji na mtoto wa jirani anayechungulia. Maelekezo yanafuata kwa WhatsApp: "Kaka, mtoe hapo umweke kwenye kadi ya mchango, nyuma kuwe na dhahabu. Naitaka saa kumi."

Kazi yangu ya kwanza ya namna hii niliifanya kwa raba. Nilishika ile zana ya kufutia, nikafuta ukuta kidogo kidogo hadi nikamfikia mtu mwenyewe, nikahifadhi juu ya faili lile lile. Mteja alipofungua akaniuliza, "Mbona dada kama amekatwa kwa mkasi butu?" Sikio la kushoto halikuwepo, na picha halisi sikuwa nayo tena. Tangu siku hiyo sifuti kitu, naficha tu. Mwongozo wote huu umesimama juu ya hilo.

Natumia GIMP, programu ya kuhariri picha, kwa sababu ni ya bure na haiisumbui laptop ya zamani. Ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, ila kama bado una 2.10 hatua ni zile zile. Najua zipo tovuti zinazotoa mandharinyuma kwa mbofyo mmoja, na kwa kiatu kilichowekwa juu ya meza nyeupe mimi mwenyewe nazitumia. Shida inakuja kwenye nywele, na nyingi zikikupa bure hukurudishia picha ndogo. Kadi ya A5 ya kuchapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 1748 kwa 2480. Picha ndogo ukiivuta ifikie hapo, uso unakuwa kama mkeka.

Hatua ya 1: Pata picha ya maana

Mwambie mteja akutumie picha kama dokumenti, asiitume kama picha ya kawaida, maana WhatsApp huibana na ile mipaka ya nywele ndiyo ya kwanza kuharibika. Kama mtu bado hajapigwa picha, msimamishe mbele ya ukuta wa rangi moja, mbali nao hatua mbili tatu, ili kivuli chake na rangi ya ukuta visimrudie. Dakika moja hapa inaokoa saa nzima mbele ya kioo.

Hatua ya 2: Panga leya

Fungua picha. Itakaa kama leya, yaani tabaka, na matabaka hupangwa moja juu ya jingine. Nenda menyu ya Layer, Transparency, kisha Add Alpha Channel. Picha ya JPEG haina uwazi ndani yake, na bila hatua hii ukikata utaona rangi badala ya uwazi.

Sasa nakili leya hiyo kwa Duplicate Layer. Nakala iite "nywele", izime kwa kubofya jicho lake, tutaihitaji baadaye. Halafu tengeneza leya mpya, iweke chini kabisa, ijaze rangi kali. Mimi natumia kijani cha ndimu au nyekundu. Watu wengi hukata wakiangalia vile viboksi vya kijivu vinavyoonyesha uwazi, na viboksi hivyo ni waongo, vinaficha kila kosa. Juu ya nyekundu, kipande cha ukuta kilichobaki begani kinakuita chenyewe.

Hatua ya 3: Zungusha njia

Bonyeza B kwenye kibodi, utapata zana ya Paths, inayochora njia, yaani mstari wa kumzunguka mtu. Kuza picha hadi asilimia 200. Anzia sehemu rahisi, kwa mfano bega. Ukibofya unaweka nukta. Ukibofya na kuvuta bila kuachia, mstari unapinda. Usiweke nukta kila milimita kama anayetunga shanga. Weka pale tu mpindo unapobadilika mwelekeo. Bega zima linaweza kutosha nukta tatu, ila vidole vya mkono vitakula ishirini.

Pita ndani kidogo ya ukingo wa mtu, pikseli moja hivi. Usipite juu ya mpaka wenyewe, wala nje. Simu huchanganya rangi ya mtu na ya ukuta kwenye pikseli za mpakani, na ule utepe mweupe unaoonekana kuzunguka watu kwenye mabango ya mitaani ndiyo huo mchanganyiko. Kwenye nywele fanya kinyume: pita nje kabisa, acha na kipande cha ukuta.

Ukirudi mwanzo, shika Ctrl ubofye nukta ya kwanza ili njia ifunge. Bonyeza Enter. Utaona vistari vinatembea kuzunguka mwili kama msafara wa siafu. Nenda menyu ya Select, Feather, weka pikseli 1 au 2 ili ukingo ulainike. Ukizidisha, mtu ataonekana kama ametoka kwenye moshi.

Hatua ya 4: Weka maski

Bofya leya ya picha kwa kitufe cha kulia, chagua Add Layer Mask, na kwenye orodha itakayofunguka chagua Selection. Ukuta unatoweka, nyekundu inatokea. Ila haujafutwa, upo pale pale chini ya maski, yaani kifuniko cha leya. Kwenye maski, nyeusi inaficha na nyeupe inafichua. Umekata sikio? Shika brashi kwa P, rangi nyeupe, lipake, sikio linarudi. Bonyeza X kubadilishana nyeusi na nyeupe. Hakikisha tu umebofya kijipicha cha maski na si cha picha yenyewe, la sivyo utampaka bibi harusi lami usoni. Ctrl+Z ipo, usitishike.

Hatua ya 5: Nywele

Hapa ndipo kazi inapopimwa. Afro, mawimbi, vinywele vya utosini vilivyokataa kulala: hakuna njia ya kuvizungushia nukta. Bahati ni kwamba nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe zinajitenga zenyewe, ukijua pa kuangalia.

Bofya leya ya "nywele", washa jicho lake. Nenda Colors, Components, Extract Component. Jaribu Red, Green na Blue za RGB moja baada ya nyingine, uchukue ile inayoonyesha ukuta mweupe zaidi na nywele nyeusi zaidi. Ukuta wa bluu mpauko hupenda Blue. Ukuta wa njano, Blue itauchafua, chukua Red. Kisha fungua Colors, Levels, usogeze pembetatu nyeusi na ile nyeupe zielekeane taratibu, hadi ukuta uwe mweupe kabisa na nywele ziwe nyeusi. Ncha za nywele ziache na kijivu chake. Ukilazimisha kila kitu kiwe nyeusi au nyeupe, nywele zitageuka nyaya.

Malizia kwa Colors, Invert, nywele ziwe nyeupe. Usijali uso kuonekana wa ajabu, hapa tunataka nywele tu. Bofya leya hiyo kwa kitufe cha kulia, Add Layer Mask, chagua Grayscale copy of layer. Kisha menyu ya Layer, Mask, Mask to Selection. Zima jicho la leya hii, imemaliza kazi.

Sasa bonyeza Ctrl+I, ili kilichochaguliwa kiwe ukuta na nywele zibaki salama. Ctrl+T itawaficha wale siafu wasikuzibe macho. Rudi kwenye maski ya leya ya picha, shika brashi kubwa laini yenye rangi nyeusi, upake kuzunguka kichwa, juu ya nywele pia. Ukuta unaondoka, vinywele vinabaki kimoja kimoja. Mara ya kwanza kuona hivi nilimwita jirani wa duka la vocha aje ashuhudie. Usishuke hadi usoni, kule kinga haipo. Ukimaliza, Shift+Ctrl+A.

Ncha zikibaki na weupe wa ukuta, bofya kijipicha cha picha sasa, si maski. Shika brashi, bonyeza Ctrl ubofye kwenye nywele kuchukua rangi yake, weka Mode iwe Darken only na Opacity (uzito wa rangi) kama 40, kisha pitisha kwenye ncha. Ukitoka nje ya nywele hakuna neno, maski imeziba.

Hatua ya 6: Madirisha

Kagua sehemu ambazo mandhari inachungulia katikati ya mtu: kati ya mkono na kiuno, ndani ya hereni za duara, chini ya kidevu penye mtandio. Paka nyeusi kwenye maski kwa brashi ndogo. Mtandio wa shifoni unataka ujanja wake, kwa sababu kitambaa hicho kinaonyesha kilicho nyuma. Punguza Opacity ya brashi hadi 30, pitisha nyeusi mara moja au mbili, rangi mpya ya kadi nayo ipenye.

Hatua ya 7: Toa faili

Hifadhi kwanza kwa Ctrl+S, upate faili la XCF lenye leya zote. Hilo usilitupe. Zima leya nyekundu, bonyeza Shift+Ctrl+E, na jina limalizie na .png. Ukiandika .jpg uwazi wote umepotea, JPEG haiujui. Ukimtumia mtu wa kuchapisha kwa WhatsApp, itume PNG hiyo kama dokumenti, la sivyo atapokea mtu ambaye nyuma yake pana rangi.

Juzi nilimaliza moja saa tisa na nusu, nikatuma. Jibu likaja baada ya dakika mbili: "Safi sana kaka. Sasa mweke na bwana harusi pembeni, picha yake hii hapa." Alikuwa amevaa kofia, amesimama ndani ya daladala.