Mtoto wa shule ana minyoo na bakteria kwa pamoja? Anza kukagua njia kabla ya kununua dawa

Kuna mtoto ambaye kila baada ya wiki kadhaa tumbo linamsumbua, anapewa dawa ya minyoo anatulia, linarudi, safari hii anapewa antibiotiki anatulia tena, halafu linarudi tena na mzazi anaanza kusema dawa za siku hizi ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Mtoto ana wageni wa aina mbili tumboni kwa wakati mmoja, huku minyoo au amiba au giardia (hawa wawili ni vijidudu vya utumbo visivyoonekana kwa macho), huku bakteria, na wote wameingilia mlango mmoja ambao hakuna aliyeufunga. Ukimtoa mmoja mwingine yupo, na ukiwatoa wote wawili wenzao wanaingia wiki ijayo.

Kwa hiyo hapa dawa tutazifikia mwishoni mwishoni. Kwanza tukague mlango.

Kitu cha kwanza kuelewa ni mwendo wao. Karibu wote wanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwingine (wengine cha wanyama) na wanaishia mdomoni mwa mtoto, ila hawasafiri kwa spidi moja. Shigela, bakteria anayeleta kuhara damu, anahitaji vijidudu 10 mpaka 100 tu kumwangusha mtoto, yaani uchafu usioonekana kabisa kwenye kidole unatosha. Giardia naye akitoka tu na kinyesi yuko tayari kuambukiza hapo hapo. Sasa minyoo ya mviringo, ile mirefu inayofanana na ya ardhini, mayai yake yakitoka hayaambukizi mtu, lazima yakae kwenye udongo kama wiki 2 mpaka 4 yakomae ndiyo yawe hatari, na mnyoo jike mmoja anataga mpaka mayai 200,000 kwa siku kwa hiyo udongo ukishachafuka umechafuka. Safura, mnyoo mdogo wa utumbo, yeye hangoji mdomo, kiluwiluwi wake anatoboa ngozi ya mguu na kuingia.

Ukishashika hilo, majibu ya maabara yanageuka ramani. Mtoto akikutwa na giardia au shigela, shuku mikono na maji, na shuku siku za karibuni. Akikutwa na minyoo ya mviringo au minyoo mjeledi, shuku udongo: mahali anapochezea, mboga na matunda yanayoliwa mabichi bila kuoshwa vizuri, na ujue kuna mtu alijisaidia hapo wiki nyingi zilizopita. Safura maana yake anatembea pekupeku kwenye udongo wenye kinyesi. Kichocho cha tumbo maana yake anaogelea au anachota maji kwenye ziwa, mto au bwawa lenye konokono. Na helikobakta, yule bakteria wa vidonda vya tumbo, mara nyingi anatokea ndani ya nyumba yenyewe, kwa mama, baba au ndugu anayelala naye kitanda kimoja. Watu wengi wanampata wakiwa wadogo na wanakaa naye miaka bila kujua.

Akikutwa na viwili kwa mpigo, tafuta mahali ambapo hizo njia mbili zinakutana. Mara nyingi ni choo cha shule.

Halafu kuna suala la kubebana. Hawa wakikutana tumboni wanasaidiana kazi. Safura anang'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu, mtoto anaishiwa damu, mwili unakosa nguvu ya kupambana na kingine chochote. Minyoo kwa ujumla inavuta kinga ya mwili ielekee upande wao, upande wa bakteria unabaki na walinzi wachache. Helikobakta naye anaweza kupunguza asidi ya tumbo, na ile asidi ndiyo mlinzi wa getini, ikipungua bakteria wengine wanapita kirahisi. Lakini mfano unaonishangaza kuliko yote ni wa kichocho na salmonela, kundi la bakteria alimo yule wa homa ya matumbo: bakteria hao wanajishikiza kwenye mwili wa mnyoo wa kichocho ndani ya mishipa ya damu, unatibu homa inashuka, baada ya muda inarudi kwa sababu wengine walikuwa wamejibanza kwa mnyoo. Hapo bila kumuua mnyoo na bakteria wote unazunguka tu.

Haya sasa, ukaguzi wenyewe. Chukua daftari, fuata siku moja nzima ya mtoto tangu anaamka mpaka analala. Usimuulize "unanawa mikono?" maana atakujibu ndiyo, wote wanajibu ndiyo. Angalia kwa macho yako.

Anza na kucha. Mwambie anyooshe vidole, ukiona mstari mweusi chini ya kucha hapo ndipo mayai yanapolala, na kama anang'ata kucha au ananyonya kidole basi gari la kuwapeleka mdomoni lipo tayari. Angalia miguu, ana viatu au ndala, na anazivaa kweli akienda chooni na kucheza au zinakaa begani? Muulize kama anakula udongo, muulize kwa upole bila kumcheka, wapo wengi kuliko unavyofikiria na wanaficha.

Ukiweza ingia shuleni, na hapa ndipo nakushauri ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote. Choo kina mlango? Kina maji? Kina sabuni LEO, siyo ile iliyonunuliwa muhula uliopita. Watoto wangapi wanatumia tundu moja? Choo kikiwa kichafu sana watoto wadogo wanakikimbia wanaenda nyuma ya jengo, na nyuma ya jengo ndipo mpira unapoangukia. Tembea huko nyuma, usione aibu, utajua mengi kwa dakika tano.

Kuna jaribio moja rahisi ambalo mwalimu anaweza kulifanya na darasa lake. Saga kipande cha chaki nyekundu, paka ule unga kwenye komeo la mlango wa choo kabla ya mapumziko, halafu subiri watoto warudi darasani. Mara ya kwanza nililiona hili nilidhani tutakuta wekundu kwenye viganja viwili vitatu basi. Tulikuta kwenye ukingo wa kikombe cha tenki ambacho shule nzima inanywea, kwenye kona ya mdomo wa msichana mmoja, kwenye jalada la daftari aliloazima jirani yake, na kwenye ncha ya penseli iliyotafunwa mpaka mbao imekuwa kama mswaki. Hakuna aliyekuwa mchafu wa kutisha, walikuwa watoto wa kawaida tu waliotoka chooni. Watoto wenyewe walinyamaza. Mahubiri ya usafi ya mwaka mzima hayajawahi kuwanyamazisha vile. (Baada ya hapo hakikisha wananawa, maana chaki siyo chakula.)

Kile kikombe cha pamoja ndicho kibaya. Au jagi linalozamishwa kwenye ndoo, mkono nao unazama mpaka kwenye kifundo. Maji yanaweza kuwa yamechemshwa vizuri asubuhi na yakachafuliwa na mtoto wa kwanza kuchota. Dawa yake ni chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba, na kila mtoto na kikombe au chupa yake.

Kwenye maji kuna kosa ambalo hata watu makini wanalifanya. Klorini ni nzuri sana kwa bakteria lakini mayai ya minyoo yanaivumilia, na kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidia ambacho kwake klorini ni kama maji ya kuogea. Kwa hiyo unaweza kuweka dawa kwenye maji, ukapunguza kuhara kwa bakteria, na bado mtoto akaendelea kuumwa na vile vingine. Kuchemsha kunamaliza wote: yakianza kutokota kweli kweli yaache dakika 1, ukiwa milimani juu ya mita 2,000 yaache dakika 3. Kuni au gesi ikibana, yachuje kwanza yawe maangavu ndiyo uweke klorini, ni bora kuliko kuyanywa hivi hivi, ila ujue kilichobaki ni nini.

Vilevile ile dawa ya mikono ya spiriti. Watu wanaiamini mno. Haiondoi mayai ya minyoo, mayai yana ganda gumu na yananata. Sabuni kwanza haiyaui, inayang'oa na maji yanayabeba, ndiyo maana kusugua ni muhimu, kama sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha. Baada ya choo na kabla ya kula. Hizo mara mbili tu zikishika kweli umefika mbali. Kama shule haina bomba tengenezeni kibuyu chirizi, dumu linaloning'inia na kamba ya kukanyagia kwa mguu, mkono haugusi kitu, na sabuni itieni ndani ya soksi kuukuu ifungwe hapo hapo isipotee.

Nyumbani angalia mambo machache. Kinyesi cha mtoto mchanga kinatupwa wapi, maana watu wengi wanadhani cha mtoto hakina madhara, wakati kina madhara yale yale. Kuku na mifugo wanalala ndani? Wanaleta bakteria kama kampilobakta. Watoto wangapi wanalala kitanda kimoja? Ukiambiwa mtoto anajikuna matakoni usiku, mara nyingi hao ni minyoo ya uzi, mayai yake yanakuwa tayari kuambukiza ndani ya saa chache tu, yanabaki kwenye shuka na nguo za ndani, kwa hiyo tibu nyumba nzima siku moja na ufue matandiko siku hiyo hiyo.

Msongamano, umaskini, nyumba bila choo, hizo ni sababu kubwa kuliko tabia ya mtoto yeyote. Nayasema haya kwa sababu kuna wazazi wanachapa watoto kwa kuwa na minyoo. Na kuna wanaowanyima sukari, wakisema ndiyo inaleta minyoo. Sukari haitagi mayai. Kusaga meno usiku na kutoka udenda navyo si vipimo.

Vipimo ni maabara. Choo kiwe kibichi, kisichanganyike na mkojo, na kifike haraka, hasa kama ni cha kuhara na wanatafuta amiba inayotembea maana ikipoa haionekani tena. Kipimo kimoja kikisema hamna kitu usifunge faili, mayai na giardia hawatoki kila siku, omba vipimo vitatu vya siku tofauti. Kama wanataka kuotesha bakteria, sampuli itoke KABLA ya antibiotiki. Helikobakta mpime mtoto mwenye dalili tu, na kile cha choo ni bora kuliko cha damu kwa sababu damu inaweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha zamani, ila mtoto awe ameacha antibiotiki wiki 4 na dawa za kupunguza asidi wiki 2. Mwambie mpimaji wazi: naomba mtafute minyoo NA bakteria. Usipomwambia, akimpata mmoja atakupa majibu yake na wewe utaondoka umeridhika.

Dawa sasa. Kidonge kimoja cha albendazoli miligramu 400 au mebendazoli miligramu 500 ndicho wanachopewa watoto wa shule, na Shirika la Afya Duniani linashauri kigawiwe mara moja kwa mwaka pale ambapo asilimia 20 au zaidi wana minyoo ya udongo, mara mbili ikifika asilimia 50. Hiyo dozi moja inamaliza minyoo ya mviringo vizuri, minyoo mjeledi inaikwepa sana, na giardia, kichocho na bakteria haiwagusi. Kichocho ni prazikwanteli, inapimwa kwa uzito au urefu wa mtoto. Helikobakta ni antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya asidi, kawaida siku 14, na hiyo usijinunulie dukani. Mpango wote upangwe na daktari mmoja aliyeona majibu yote mawili, badala ya nusu kutoka huku na nusu kutoka kule.

Na usisubiri maabara wala daftari mtoto akiwa anahara damu, ana homa kali, macho yamezama na hakojoi, au tumbo limevimba linauma na hatoi choo wala upepo, hasa akitapika minyoo, maana inaweza kuwa imejifunga fundo ikaziba utumbo. Huyo ni hospitali saa hiyo hiyo, na kama anahara mnyweshe maji ya chumvi na sukari ya pakiti njiani, ila yule wa tumbo lililoziba usimpe kitu mdomoni.

Akishatibiwa, weka tarehe kwenye daftari. Bakteria na giardia wakirudi watarudi ndani ya siku au wiki chache. Minyoo ya mviringo tangu kumeza yai mpaka mayai mapya yaonekane kwenye choo ni miezi 2 mpaka 3, kwa hiyo ukipima baada ya wiki mbili na kukuta safi, umepima dawa tu, njia hujaipima. Rudia mwezi wa tatu, na siku hiyo pitia tena shuleni uangalie kama ile soksi bado ina sabuni ndani.