Vipepeo vya karatasi na watoto wa chekechea

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana kipepeo ni yule mdudu na kipepeo ni kile cha kupepea moto jikoni, na kipepeo cha karatasi kwa kweli ni hivyo vya jikoni viwili vimefungwa pamoja katikati. Kwa hiyo mimi huwa naanza na cha kupepea, watoto wanajipepea weee mpaka wachoke, afu ndo tunakigeuza mdudu.

Karatasi ni A4 ya kawaida, hata ile iliyochapwa upande mmoja inafaa. Manila usiwape. Inapendeza ila vidole vidogo havina nguvu ya kuikunja, mara ya kwanza niliwapa darasa zima manila wakakwama mkunjo wa tatu na wawili wakalia kabisa, sijarudia tena.

Shika kona ya juu uivute mpaka ukingo mfupi ulale juu ya ukingo mrefu, inatokea pembetatu na chini kinabaki kipande, kikate ila usikitupe. Ukifungua pembetatu una mraba wa sm 21, na kile kipande ni sm 21 kwa karibu 9. Mraba ndo mabawa ya mbele na kipande ndo mabawa ya nyuma, maana kipepeo ana mabawa manne, wengi tunachora mawili.

Rangi wapake sasa hivi kabla ya kukunja, ukishakunja hakuna pa kupaka. Kama kuna mlimao au mchungwa karibu wapeleke kwanza wakaangalie, kwenye majani mara nyingi kuna viwavi vidogo vinafanana kabisa na kinyesi cha ndege, hao wakikua wanakuwa wale vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya njano. Watoto wangu wakishaona hivyo wote wanataka kreyoni nyeusi na ya njano, hakuna haja ya kuwaambia chora nini.

Afu mkubwa apige mistari kwa rula kila sm 1.5, kwenye mraba unapata sehemu 14, kwenye kipande piga mistari kwa urefu wake unapata kama 6. Mtoto anakunja mstari wa kwanza, anageuza karatasi yote, anakunja, anageuza, na sisi tunaimba hivyo hivyo kunja geuza kunja geuza tukipiga makofi. Kosa la karibu kila mtoto ni kusahau kugeuza, inajiviringisha kama chapati, basi usimnyang'anye ukamalizia wewe, fungua tu mrudi mstari wa nyuma. Kinachosaidia ni kuweka nukta nyekundu mbele na ya bluu nyuma kabla hamjaanza, kila akikunja anatakiwa aone rangi imebadilika. Mkunjo ukandamizwe na mgongo wa kijiko.

Kile chembamba kikate sm 2 kila mwisho ili mabawa ya nyuma yawe mafupi. Bana vyote viwili katikati, weka kikubwa juu na kidogo chini, mtoto ashike wewe ufunge uzi mara tatu uukaze, afu yeye afungue mabawa kama feni. Pale mabawa ya juu na ya chini yanapogusana weka tone la gundi, uji mzito wa unga wa ngano unatosha. Papasi, yaani zile pembe mbili nyembamba za kichwani, ni kipande cha waya laini ule wa kufungia mikate, kunja ncha ziwe duara zisichome.

Kwa wa miaka mitatu haya yote ni mengi, wao wape karatasi wakunje mara moja tu katikati, wafungue, wadondoshe rangi ya maji upande mmoja, wafunike na wasugue kwa kiganja. Wakifungua pande zote mbili zimefanana, na hapo kelele utazisikia! Subiri rangi ikauke kwanza, afu ikunje tena karatasi ndo ukate umbo la mabawa.

Bawa likitoka upande liache lilivyo, mtoto anajua lake ni lipi. Vipepeo watundike karibu na dirisha upepo uwachezeshe, na uzi uwe juu watoto wasikoufikia maana wadogo wanapenda kujizungushia shingoni.