Kusoma Chapa Iliyotokana na Riwaya: Anza na Gundi na Wino

Hapa Tanga, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, mtu akionyeshwa chapa yenye wino, vipande vya karatasi na kanga, akaambiwa imetokana na riwaya yake Kusadikika, humtafuta Karama, mhusika wake mkuu, papo hapo. Karama asubiri kwanza.

Ilaze mezani, washa tochi ya simu ubavuni, mwanga utambae juu ya karatasi. Palipochapwa kwa ubao au lino (linoleamu iliyochongwa) karatasi imebonyea, na wino umejikusanya kandokando ya mistari. Wino wa skrini, yaani uliopitishwa kwenye wavu, hukaa bapa. Kisha uliza kila kipande: wino umepita juu yake, au chenyewe kimebandikwa juu ya wino? Swali hili lina faida kuliko mengine yote. Jina la kanga lililofunikwa nusu na wino mweusi limezibwa mdomo. Lililobandikwa juu ya wino limekuja kujibu. Kama msanii amekata jina akabakiza pindo tupu, hilo nalo ni neno.

Ubao hugeuza kushoto kuwa kulia, na mchongaji akisahau, herufi hutoka kinyume. Ikiwa maandishi mengine ya ubao huohuo yamekaa sawa, yale ya kinyume yamekusudiwa. Madoa ya kahawia usiyape maana: mara nyingi ni unyevu wa pwani.

Sasa fungua riwaya, ya 1951, utafute vinavyohesabika. Nchi inaelea angani. Wajumbe sita walitumwa pande sita, mbinguni na ardhini zikiwemo. Karama anajitetea barazani dhidi ya mshtaki wake, Majivuno. Ukihesabu maumbo matano, litafute la sita: limefunikwa, limechanwa, au limeachiwa nafasi nyeupe? Usipolipata hata alama yake, iache hoja ya wajumbe. Si kila ndege ni mjumbe. Picha isiyo na mstari wa ardhi, ambayo vitu vyake havina kivuli, ina hoja nzuri zaidi ya kuelea.

Mwisho angalia penseli chini ya picha. 3/20 ni nakala ya tatu kati ya ishirini, lakini kipande cha kanga hakichapwi pamoja na picha, hukatwa kimoja kimoja. Omba kuona nakala nyingine kabla hujajenga tafsiri yote juu ya jina la kanga. Huenda nakala ya nne ina jina jingine kabisa, na hapo ulichokuwa unakisoma ni kipande kilichobaki kwenye mkasi.