Picha ya mkono wa C ikitoka na kingo mbilimbili

Mkono wa C ni mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C: ncha moja ina tyubu inayotoa miale, nyingine ina ditekta inayoipokea, nao humzunguka mgonjwa ukipiga fremu, yaani picha moja moja. Kingo zikitoka mbilimbili, wengi humlaumu mgonjwa: alijitikisa. Mimi huanza na mashine.

Hatua ya 1. Kitanda kiwe kitupu. Laza bomba la plastiki lenye gololi ndogo za chuma zilizopangwa kwa kuzunguka kama uzi wa parafujo, kisha piga picha kwa mzunguko wote wa mkono, digrii 200 hivi. Gololi hazipumui, vivuli vyake vikitoka na mkia, kosa ni la mashine au la chumba.

Hatua ya 2. Rudia mara tatu, usiguse kitu. Linganisha gololi ileile, pembe ileile. Mkono ni mzito na huinama, lakini huinama vilevile kila ukifika pembe hiyo. Kosa la namna hiyo halina taabu: fanya kalibresheni ya jiometri, yaani ioneshe programu mahali hasa tyubu na ditekta zilipo kwenye kila pembe, nayo itarekebisha. Linalobadilika kila mzunguko ndilo mtetemo, na kalibresheni haiugusi. Ukilazimisha, utahifadhi mtikisiko wa leo uje uharibu picha ya kesho.

Hatua ya 3. Msake anayetikisa. Zima kiyoyozi, piga. Ngoja lori lipite, piga. Kuna chumba huko Changamwe, Mombasa, ambako niliwasingizia madereva wa kontena wiki nzima, gololi ikicheza mara 5 kwa sekunde. Kumbe ni jenereta nyuma ya ukuta, raba za miguu yake zimekauka kama chapati ya juzi! Ilizunguka mara 1,500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Ditekta ilichukua fremu 30 kwa sekunde. Thelathini toa ishirini na tano ni tano: fremu hazikutosha kuufuata mtetemo wa 25, ukaonekana kama wa 5. Kwa hivyo usiiamini kasi unayoiona kwenye fremu. Funga simu yenye programu ya kupima mtetemo kwenye mkono wenyewe.

Hatua ya 4. Kaza nati. Hewa ya bahari hula chuma.

Hatua ya 5. Mtetemo uliobaki usahihishe kwa gololi zilizobandikwa nje ya sehemu inayochunguzwa. Angalia kwanza nani anacheza. Ditekta ikisogea milimita 1, vivuli vyote husogea milimita 1, na kuirudisha fremu nzima kunatosha. Tyubu ikisogea milimita 1, gololi iliyo milimita 800 kutoka kwenye tyubu, na ditekta iko 1,200, kivuli chake husogea milimita 0.5; iliyo karibu zaidi na tyubu husogea zaidi. Hapo kusogeza fremu hakufai: kokotoa upya mahali tyubu ilipokuwa kwenye kila fremu, ukitumia gololi kadhaa za vimo tofauti.