Kukuza akaunti ya TikTok ukiwa fundi cherehani: hatua ninazofuata mwenyewe

Kibanda changu kipo Ngamiani, Tanga. Kabla ya TikTok wateja wangu walikuwa wa barabara tatu nne za jirani. Siku hizi napokea vipimo kutoka Mombasa, Dodoma na Maskati. Simu ninayotumia ina ufa kwenye kioo, na stendi yangu ni kopo la rangi lililojaa mchanga. Namwandikia fundi mwenzangu, lakini hata msusi, muuza maandazi au fundi mageti akibadilisha mifano yatamfaa.

Tuanze na jambo ambalo bila hilo hatua nyingine hazieleweki. Mwaka 2020 TikTok wenyewe walieleza jinsi video inavyochaguliwa kuingia For You, ule ukurasa unaokufungukia ukiingia tu. Wanaangalia mtu kaifanyia nini video: kaimaliza, kaipenda, kaituma kwa mwenzake, kaandika komenti. Wanaangalia maelezo na sauti iliyomo, halafu kwa uzito mdogo lugha na nchi iliyowekwa kwenye simu. Wakasema pia kwamba mtu kutazama video ndefu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni dalili nzito, na kwamba idadi ya wafuasi haihesabiwi moja kwa moja. Kwa hiyo mwenye wafuasi 30 anaweza kumpita mwenye 30,000 kwa video moja. Mimi kila ninachofanya nakipima kwa swali hilo: huyu mtu atamaliza?

Tanga yetu inaitwa waja leo waondoka leo. Mtazamaji wa TikTok hata hiyo leo ni nyingi kwake. Sekunde mbili keshapita.

Hatua ya 1: Mjue unayemshonea

Mwanzoni niliposti kila kitu: magauni, mwanangu akicheza, sufuria ya pilau, mvua ikinyesha sokoni. Aliyenifuata kwa ajili ya gauni akakuta mvua, akapita. Akipita mara mbili tatu huenda asionyeshwe tena video zako, hata akiwa mfuasi.

Sasa nina mtu mmoja kichwani. Ni mwanamke aliyenunuliwa kitenge cha yadi 6, kimelala kabatini tangu sikukuu iliyopita, naye hajui akishone vipi kimkae. Kila video inamjibu huyo. Mwanaume akitaka kaunda suti namshonea, ila simrekodi.

Tazama alivyofanya Kili Paul wa hapa hapa Tanzania. Alichagua nyimbo za Kihindi, akaziimbia kwa midomo akiwa na shuka lake la Kimasai, hakuyumba. Unamtambua kabla hajafungua kinywa. Mwezi Februari 2022 Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akamtaja yeye na dada yake Neema kwenye kipindi chake cha redio. Angekuwa leo anaimba, kesho anapika, keshokutwa anachambua mpira, sidhani kama India wangemjua.

Hatua ya 2: Profaili

Hii ni kazi ya dakika kumi. Jina la akaunti liwe linatamkika, kwa sababu watu wataambiana kwa mdomo, na ukishalibadilisha unasubiri siku 30 kulibadilisha tena. Maelezo mafupi yana nafasi ndogo tu: unashona nini, uko wapi. Mashairi weka pembeni.

Kuna mtego mmoja hapa. Ukigeuza akaunti kuwa ya biashara, nyimbo nyingi zinafungwa, unabaki na zile zilizoruhusiwa kwa matangazo. Anayetegemea Bongo Fleva kwenye video zake ajue hilo kabla hajabonyeza. Mimi nimebaki na akaunti ya kawaida.

Hatua ya 3: Rekodi ukiwa kazini

Fundi anayesema hana muda wa kutengeneza video huwa namuuliza kama ana muda wa kukata kitambaa. Video ni hiyo hiyo. Simu iwe imesimama wima, iangalie mezani kutoka juu kidogo, mikono yako ionekane. Mwanga utoke mlangoni au dirishani na ukuangukie kwa mbele au ubavuni. Ukiupa mgongo, kitambaa chote kinakuwa cheusi. Hapa kwangu saa mbili hadi saa nne asubuhi ndiyo nzuri. Baada ya hapo jua linaingia ndani na kitenge chekundu kinaonekana kama cha rangi ya machungwa, kisha mteja anakuja kulalamika rangi siyo aliyoiona.

Futa lenzi kwa kipande cha pamba. Unacheka, lakini vumbi la nyuzi na mafuta ya cherehani hukaa pale, na ukungu wote unaouona kwenye video za mafundi chanzo chake ni hicho.

Usirekodi kazi nzima. Gauni moja linanipa vipande vitano sita vya sekunde chache chache: chaki ikipita, mkasi ukiingia, marinda yakivutwa, pasi ikilala juu ya mshono, kisha mteja kalivaa. Hicho cha mwisho nakirekodi kwa ruhusa yake, na wengi hukubali nikiwaambia sitaonyesha sura. Sauti ya mkasi ukikata kitenge kipya usiifute. Watu wanaipenda kuliko muziki, nami sijui kwa nini.

Kama huwezi kuongea mbele ya kamera, usiongee. Khaby Lame, aliyezaliwa Senegal akakulia Italia, alipoteza kazi ya kiwandani mwaka 2020 janga lilipoanza. Akaanza kuposti video ambazo hasemi neno, anaonyesha kwa mikono na uso tu, na Juni 2022 akawa mtu mwenye wafuasi wengi kuliko wote TikTok. Mikono ya fundi nayo inasema.

Hatua ya 4: Sekunde mbili za kwanza

Hapa ndipo nilipopoteza muda mrefu kuliko kwingine kote. Nilikuwa naanza hivi: "Asalaam alaykum wapendwa wangu, karibuni tena kwenye ukurasa wetu, leo nitawaonyesha..." Adabu njema kabisa, lakini nikija kumaliza salamu nimebaki peke yangu.

Siku hizi naanza na tatizo au na matokeo, salamu naiweka kwenye komenti. Hizi ni sentensi nilizozitumia kweli:

"Kitenge hiki kimeharibiwa na kosa moja la mkasi." Halafu naonyesha maua yaliyopinduka upande wa nyuma, kwa sababu fundi alikunja kitambaa bila kuangalia mchoro unaelekea wapi.

"Tumbo limebaki baada ya kujifungua? Usikubali mshono huu kiunoni."

"Yadi 3 zinatosha gauni refu, nitakuonyesha."

Kila moja ina kitu ambacho mtu hawezi kukiacha katikati. Huyo wa yadi 3 lazima aone nilivyopanga vipande mezani, kwa kuwa aliambiwa na fundi wake alete 6. Na ahadi uliyoitoa mwanzoni itimizwe mwishoni, siyo nusu ya njia. Gauni likishaonekana limevaliwa kwenye sekunde ya 8, za nini 20 zilizobaki? Ila ukianza kwa ahadi kisha usiitimize, atakuona tapeli, na atakuwa sahihi.

Urefu? TikTok ilianza na video za sekunde 15, mwaka 2021 ikaruhusu dakika 3, mwaka 2022 ikafika 10. Kuruhusiwa siyo kulazimishwa. Za kwangu nyingi ni sekunde 25 hadi 40. Zile za kufundisha kukata nazivusha dakika moja, na hizo nakata kila sehemu ambayo mkono unatafuta chaki.

Hatua ya 5: Kuhariri, na kutunza kazi yako

Natumia CapCut, ya bure. Nakata, naweka maandishi, basi. Maandishi yakae katikati au juu kidogo. Chini kabisa yatafunikwa na maelezo ya video, na kulia kuna vile vitufe vya kupenda na kutuma. Nimeona tangazo zuri la duka la vitambaa ambalo namba ya simu yote imejificha nyuma ya vitufe hivyo.

Andika kwenye video kile unachokisema. Wengi wanatazama bila sauti: yuko kwenye daladala, yuko ofisini, mtoto kalala.

Nikuonye jambo lililonitoa machozi. Drafti za TikTok, yaani video ulizohifadhi bila kuziposti, zinakaa kwenye simu yako tu. Mimi nafasi ilijaa, nikaifuta programu ili niidanlodi upya, na video 11 za wiki mbili zikaenda nayo. Tangu siku ile kila video nikiimaliza naihifadhi kwanza kwenye picha za simu, ndipo naipeleka TikTok. Pia naziposti usiku, baada ya kujiunga bando la usiku.

Hatua ya 6: Maelezo ya video

Watu wengi siku hizi wanatafuta mambo ndani ya TikTok kama wanavyouliza Google. Andika maneno ambayo mteja angeyaandika mwenyewe: "mshono wa kitenge kwa mwanamke mnene", "gauni la kitchen party". Hashitegi, yale maneno yenye alama ya #, tatu nne zinazohusu kazi yako zinatosha. Ile ya foryou sijawahi kuona faida yake.

Hatua ya 7: Komenti ni daftari la oda

Ukijibu komenti kuna kitufe cha kujibu kwa video, na ile komenti inabandikwa juu ya video mpya. Hiki ndicho kilichonikuza kuliko trendi yoyote. Mtu akiuliza "na kama sina kiuno je?", sikuni kichwa tena kutafuta mada: nachukua kitambaa, namjibu. Aliyeuliza anarudi, na wenye swali lake, ambao ni wengi, wanakaa hadi mwisho.

Matusi nafuta, sibishani. Anayekosoa mshono kwa hoja namwacha, wakati mwingine namshukuru. Kuna mama alinirekebisha mbele ya watu wote nilivyopindisha zipu, na alikuwa anajua kuliko mimi.

Kuhusu wafuasi wa kununua: nilishawishika mara moja, nikalipa. Namba ikapanda, video zikashuka. Wale hawatazami, na video mpya ikionyeshwa kwao inapitwa tu, nao ndio waliokuwa kipimo changu cha kwanza. Ilinichukua miezi kujinasua.

Hatua ya 8: Soma takwimu, mara moja kwa wiki

Naangalia Ijumaa tu, nikiangalia kila saa sishoni. Fungua takwimu za video, uache idadi ya kupendwa. Tazama wastani wa muda wa kutazama na ule mstari unaoonyesha watu wanaondoka sekunde ya ngapi. Ukianguka mwanzoni kabisa, sentensi ya kwanza ni mbovu. Ukianguka ghafla katikati, irudie ile sekunde: kwangu mara nyingi nakuta nimeinama, kichwa kimeziba kitambaa. Video iliyofanya vibaya siifuti. Naipiga tena baada ya wiki chache kwa mwanzo mwingine.

Hatua ya 9: Hela

Ukifika wafuasi 1,000 na umri wa miaka 18, kwa kawaida laivu inafunguka, na zawadi za laivu zinaweza kukununulia nyuzi. Ule mpango wa kulipwa kwa kutazamwa unadai wafuasi 10,000, kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30 na video za zaidi ya dakika moja, tena ni kwa nchi chache ambazo Tanzania na Kenya hazimo hadi ninavyoandika. Kwa hiyo usiuze cherehani ukisubiri huko. Hela yangu inatoka kwa mteja anayenikuta TikTok, anahamia WhatsApp, analipa nusu kabla sijagusa mkasi.

Mteja wangu wa kwanza wa Maskati alinitumia vipimo vizuri kabisa, vimeandikwa kwa mstari. Gauni likafika likiwa limempwaya inchi tatu kila upande. Tukaja kugundua alijipima juu ya abaya. Nililishona upya kwa gharama yangu, kisha nikarekodi video ya kujipima nyumbani, futi kamba juu ya nguo ya ndani, hatua kwa hatua. TikTok inakuruhusu kubandika video tatu juu ya profaili, na hiyo ndiyo ya kwanza. Mteja mpya akiomba bei, namtumia hiyo kabla ya kumjibu.