Somo: Kuchagua vifaa vya intaneti ya redio kwa mtoa huduma mdogo wa Bukavu

Yambo sana ndugu na dada. Wengi mnaotaka kuuza intaneti mtaani huuliza kwanza jina la kampuni ya vifaa: Ubiquiti, MikroTik, Cambium ama Mimosa? Mimi naanzia kwingine. Ukishafunga mlimani anteni za sekta (zile zinazorushia wateja wengi wa upande mmoja) za kampuni moja, kila mteja atakayefuata atahitaji redio ya kampuni hiyohiyo, maana airMAX, lugha ya redio za Ubiquiti, na Nv2, lugha ya MikroTik, hazisikilizani. Leo unamchagulia kifaa hata mteja wa 200. Chagua basi kitu utakachokipata tena mjini, kitakachowaka umeme wa SNEL ukikatika, na utakachoweza kukibadilisha haraka radi ikipiga.

Hatua ya 1: Panda juu ya nyumba kabla ya kwenda dukani.
Bukavu ni vilima na rasi. Ukiwa Muhumba unaiona Kadutu vizuri, lakini nyumba iliyojificha nyuma ya mteremko haioni kitu. Chora ramani ya mapaa yanayoonana. Kumbuka kuonana kwa macho hakutoshi: kwa kiungo (redio mbili zinazotazamana) cha kilomita 2 kwenye masafa ya GHz 5.8, mawimbi yanahitaji uwazi wa nusu kipenyo cha mita 5 hivi katikati ya njia, na angalau mita 3 ziwe safi kabisa. Mparachichi wa jirani ambao leo uko chini kidogo ya mstari utakukatia huduma ukikua. Kiungo kinachovuka ziwa kina taabu yake: maji yanarudisha mawimbi, na yale yanayorudi huvuruga yanayokwenda moja kwa moja. Tafuta njia ambayo nchi kavu au ukingo wa kilima unayazuia yale ya majini.

Hatua ya 2: Hesabu wati.
Chukua kituo chenye sekta tatu, redio ya kuleta intaneti na ruta. Kila kimoja kikila wati 10, jumla ni 50, yaani wati-saa (Wh) 1,200 kwa siku nzima. Betri ya asidi ya V 12 na Ah 200 inabeba Wh 2,400, lakini usiishushe chini ya nusu. Kwa hiyo betri moja inakupa siku moja bila umeme, basi. Ndiyo sababu napenda vifaa vinavyopokea volti za betri moja kwa moja: inveta nayo inakula sehemu yake. Soma nyuma ya kifaa volti zinazokubalika. Ruta nyingi za MikroTik zinakubali kiwango kipana, wakati kifaa kinachodai V 48 tu kitakulazimisha kuongeza kibadilisha volti.

Hatua ya 3: Radi.
Hapa nawasihi mnisikilize. Vipimo vya setilaiti vinaiweka Kabare, hapo juu yetu tu, katika nafasi ya pili duniani kwa mimweko ya radi: 205 kwa kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela lenye 233. Muulize muuzaji: je, redio ina mahali pa kufungia waya wa ardhini? Je, ana kebo ya nje yenye ngao ya chuma, pamoja na vichwa vya chuma vinavyoigusa ngao hiyo? Kebo ya ngao yenye kichwa cha plastiki haisaidii. Funga kizuia radi juu na chini, na kebo ipinde kidogo kuelekea chini kabla ya kuingia kwenye kifaa, ili maji ya mvua yadondokee hapo.

Hatua ya 4: Mpime muuzaji.
Omba akuuzie injekta ya PoE (kile kiboksi kinachopeleka umeme kwenye redio kupitia kebo ya mtandao) peke yake, bila redio. Akiwa nayo, huyo anahudumia watu wanaofanya kazi hii kweli. Akisema ununue boksi zima, jua kwamba injekta ikiungua mteja atangoja mzigo kutoka Kigali au Dubai.

Hatua ya 5: Programu ya ndani.
Mwezi wa 5 mwaka 2016 kirusi kiliingia kwenye redio za Ubiquiti zenye programu ya airOS ambazo hazikusasishwa. Dawa ilikuwa imetoka mwaka mmoja kabla. Mwaka 2018 yakawapata wenye ruta za MikroTik. Kampuni zote mbili zilitoa marekebisho. Swali ni kama wewe unaweza kusasisha redio 100 kwa usiku mmoja ukiwa mezani.

Kuhusu kibali na vifaa vinavyoruhusiwa, mwongozo ni sheria ya mawasiliano ya Kongo, namba 20/017 ya 2020, na ARPTC, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Bagira: Mwalimu, GHz 60 inafaa?
Jibu: Kwa mita mia kadhaa, ndiyo, na haina kelele, yaani mawimbi ya watu wengine. Lakini hewa yenyewe inameza nguvu ya mawimbi, desibeli (dB) 15 hivi kwa kila kilomita, na mvua yetu inaongeza. Usiiweke Bagira hadi Kadutu.

Mama wa Panzi: Naweza kuchanganya kampuni?
Jibu: Mama, unaweza. Kiungo cha mlima hadi mlima ni redio mbili zinazojuana zenyewe, na ruta haijali chapa. Usichanganye sekta na redio za wateja wake tu.

Kijana wa Kadutu: Boksi limeandika Mb/s 300. Nitazipata?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Kwa redio za aina ya Wi-Fi ya 802.11n, zenye mikondo miwili ya data, hiyo ni kasi ya chaneli yenye upana wa MHz 40. Mjini penye kelele utashuka MHz 20, na namba inakuwa 144. Kasi halisi ni kama nusu yake, kwenda na kurudi pamoja, na wateja wote wa sekta wanagawana.

Mwanachama wa Nguba: Wewe ungechukua nini?
Jibu: Ruta MikroTik. Sekta, ile ambayo duka la hapa lina akiba yake. Ukiwa na sekta nyingi kwenye mnara mmoja na masafa hayatoshi, lipia zinazopatanisha saa kwa GPS, kama ePMP ya Cambium, kwa sababu zote zinatuma wakati mmoja, kisha zote zinapokea wakati mmoja, na hazizibani masikio. Nunua jozi moja kwanza, iache juu ya paa mpaka ionje mvua kubwa, na usome kasi saa mbili usiku watu wote wakiwa mtandaoni.