Jinsi ya Kudai Dhamana ya Gari la Michezo Lililopata Ufa Baada ya Kuendeshwa Uwanjani: Utaratibu wa Marekani

Kampuni nyingi huuza magari ya michezo kwa picha za uwanja wa mbio, ilhali kijitabu cha dhamana kinachowekwa ndani ya gari hilohilo husema kwamba uharibifu unaotokana na mashindano haulipiwi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua gari la aina hiyo Marekani, akaliendesha katika siku za mafunzo uwanjani likiwa bado ndani ya muda wa dhamana, kisha akagundua ufa kwenye chesisi, kwenye sehemu inayoshikilia ekseli ya nyuma, au kwenye kichwa cha shokapu. Jambo linaloamua madai ya namna hii si kwamba gari lilifika uwanjani. Linaloamua ni chanzo cha ufa, na ni nani mwenye karatasi za kukithibitisha chanzo hicho.

Kabla ya kupiga simu

Ufa ukionekana, acha kuliendesha gari. Usilioshe kwa maji ya presha, usipake rangi, wala usimruhusu fundi kuchomelea, hata akiwa hodari na mwenye nia njema, kwa sababu weldi moja inaweza kufuta ushahidi wote. Nyufa za chesisi mara nyingi hujificha chini ya gundi inayoziba maungio ya bodi, hivyo kinachoonekana mwanzoni huwa ni mstari mwembamba wa gundi iliyopasuka, au kutu kidogo iliyozunguka bolti. Piga picha ukiwa umeweka rula kando ya ufa na kuimulika sehemu hiyo kwa tochi kutoka ubavuni, kwani mwanga unaotoka mbele huufanya ufa mwembamba usionekane kabisa. Kisha piga picha ya mbali inayoonyesha eneo lenyewe liko wapi chini ya gari, picha ya dashibodi yenye idadi ya maili, na picha ya namba ya chesisi, ambayo ina herufi na tarakimu 17.

Inafaa kuelewa mapema kwa nini hatua hii ina uzito. Mfano unaojulikana sana ni wa BMW za mfululizo wa 3 za kizazi cha E46, pamoja na M3 yake. Bamba la sakafu ya nyuma la magari hayo, pale fremu inayobeba difu (gia za ekseli ya nyuma) inapofungwa kwa bolti, hupata nyufa kwa sababu kila dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, fremu hulisukuma na kulivuta bamba hilo. Mtu angeweza kusema kwamba ni kosa la madereva wa uwanjani, lakini nyufa hizohizo zilionekana pia kwenye magari ya kawaida ya kwendea kazini. Uwanja huongeza kasi ya uharibifu. Lakini si uwanja uliolifanya bamba kuwa jembamba. Hoja yako yote itasimama juu ya tofauti hiyo.

Kusoma kijitabu cha dhamana

Soma kijitabu chenyewe, si maelezo ya mtu aliyekuuzia gari. Tafuta mambo matatu.

Kwanza, angalia sehemu iliyopasuka inaangukia dhamana ipi. Kwa kawaida kampuni kama Ford, Chevrolet na Toyota hutoa dhamana ya msingi ya miaka 3 au maili 36,000, na ya injini na giaboksi ya miaka 5 au maili 60,000, ilhali Porsche na BMW huweka miaka 4 au maili 50,000. Chesisi na bodi kwa kawaida ziko kwenye dhamana ya msingi, ambayo ndiyo fupi. Wengi huchelewa kwa kudhani kwamba wanayo miaka 5. Ile dhamana ndefu ya kutu nayo haisaidii hapa, kwa kuwa kwa kawaida hulipia bodi iliyotobolewa na kutu kutoka ndani, si chuma kilichochanika.

Pili, chunguza maneno ya katazo. Kuna kijitabu kinachotaja mbio na mashindano tu, na kuna kinachotaja matumizi yoyote ya uwanjani. Siku ya mafunzo ya udereva, ambapo magari hayapimwi muda, kupita gari jingine huruhusiwa katika maeneo maalumu tu, na mwanafunzi hukaa na mkufunzi, si mashindano kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Hifadhi fomu ya usajili ya siku hiyo pamoja na kanuni za waandaaji, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kwamba hapakuwa na mshindi wala saa ya kupimia.

Tatu, hifadhi matangazo ya kampuni kuhusu modeli yako, pamoja na tarehe zake. Toyota huwapa wanunuzi wa GR86 nchini Marekani uanachama wa mwaka mmoja wa National Auto Sport Association, na ndani yake mna siku moja ya bure ya kuendesha uwanjani. Ni vigumu kwa kampuni inayokualika uwanjani kukulaumu kwa kuitikia mwaliko wake. Mwaka 2022 mmiliki mmoja wa GR86 alikataliwa dhamana ya injini baada ya wakala kuonyesha picha za gari hilo likiteleza kwenye tukio la uwanjani, na suala hilo liliposambaa, kampuni iligeuza uamuzi na kukubali kulipia. Kwa upande wa Ford, wamiliki wa Shelby GT350 za modeli ya 2016, ambazo baadhi ziliuzwa bila vipozeo vya giaboksi na difu, walifungua kesi ya pamoja katika mahakama ya shirikisho Florida mwaka 2017, na msingi wa malalamiko yao ulikuwa kwamba gari lililotangazwa kuwa la uwanjani lilikuwa likipunguza nguvu lenyewe linapopata joto huko uwanjani. Tangazo linaweza kuwa kielelezo.

Kama umebadilisha vifaa, viorodheshe kwa ukweli. Sheria ya Magnuson-Moss ya mwaka 1975, inayohusu dhamana za bidhaa, inaikataza kampuni kuifanya dhamana itegemee matumizi ya vifaa au huduma za jina fulani, isipokuwa itoe vitu hivyo bure au iwe imeruhusiwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC. Kwa hiyo rimu za kampuni nyingine haziwezi peke yake kuwa sababu ya kukataa ufa wa chesisi. Lazima ionyeshwe kwamba rimu hizo ndizo zilizoleta ufa. Springi ngumu na shokapu za mbio ni habari nyingine, kwani zinapeleka nguvu nyingi zaidi mahali palepale panapopasuka, na hapo ujiandae kwa mabishano ya kweli.

Siku ya kupeleka gari

Omba miadi kwa maandishi katika karakana ya wakala aliyeidhinishwa na kampuni, na gari lipelekwe likiwa limebebwa. Eleza tatizo kwa maneno yanayoonekana kwa macho: kuna ufa wa urefu fulani mahali fulani, uligunduliwa tarehe fulani. Usibuni chanzo. Ukiulizwa kama gari limewahi kwenda uwanjani, sema ukweli, kwa sababu gari lenyewe huenda limeshasema. Kompyuta za Porsche za kisasa hurekodi mara ambazo injini imezidishwa mizunguko na kuzigawa katika ngazi sita, pamoja na idadi ya saa ambazo injini ilikuwa imeshafanya kazi hilo lilipotokea. Nissan GT-R za kwanza zilihifadhi taarifa za dereva kuzima mfumo wa kudhibiti mwelekeo, na rekodi hiyo ilitumika dhidi ya wamiliki waliodai dhamana ya giaboksi. Mtu akishanaswa kwa uongo mdogo, hata ukweli wake mkubwa hautasikilizwa.

Kabla ya kusaini kadi ya kazi, isome yote. Hakikisha maelezo yako yameandikwa kama ulivyoyasema, si kwa ufupi wa aina ya “mteja anasema gari lina kelele.” Tazama pia kifungu kinachosema kwamba gharama za kufungua na kuchunguza zitalipwa na mteja ikiwa dhamana haitakubaliwa, na uombe kiwango cha juu cha gharama hizo kiandikwe palepale. Mwisho, andika kwamba vifaa vyote vitakavyotolewa vihifadhiwe na visitupwe hadi suala limalizike.

Likikataliwa

Kukataliwa kwa mdomo usikuhesabu kuwa ni jibu. Dai barua inayotaja mambo manne: kifungu cha dhamana kinachotumika, sehemu iliyoharibika, chanzo cha uharibifu kwa maoni ya kampuni, na jina na cheo cha aliyefanya uamuzi. Mawakala wengi hawapendi kuandika chanzo, kwa kuwa wakishakiandika wanapaswa kukitetea, na ndiyo sababu hasa ya kukidai.

Baada ya hapo andika rufaa kwa makao makuu ya kampuni nchini Marekani, kwa Kiingereza, na uitume kwa barua ya rejista yenye hati ya kupokelewa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Taja namba ya chesisi, tarehe ya kununua, maili, matengenezo yaliyofanyika pamoja na risiti zake, na ueleze kwamba ulikuwa kwenye mafunzo yasiyopimwa muda. Halafu omba jambo moja lililo wazi: mkaguzi wa kampuni wa eneo lako aje kuliona gari, au kampuni ilipie matengenezo. Barua za hasira zenye kurasa saba huishia kwenye faili bila kusomwa.

Wakati unasubiri, tafuta mhandisi wa vyuma asiye na uhusiano na pande zote mbili. Hapa usibane matumizi, maana ripoti yake ndiyo inayoweza kubadilisha mwelekeo wa shauri. Chuma kinachopasuka kwa kuchoka hukatika kidogokidogo kwa muda mrefu, na uso wa mpasuko wake huonyesha mistari iliyofuatana, kama ile ambayo maji ya bahari huiacha mchangani yanapokupwa. Chuma kilichovunjwa na pigo moja, kwa mfano gari lilipogonga ukingo wa uwanja, huwa na uso uliochanika kwa ghafla bila mistari hiyo, na mara nyingi vyuma vya jirani huwa vimepinda. Mhandisi pia ataeleza kama weldi ya kiwandani ilipenya vya kutosha. Dai la kampuni kwamba ni “matumizi mabaya” hupungua nguvu sana pale ripoti inapoonyesha ufa ulioanzia kwenye ukingo wa weldi dhaifu.

Sambamba na hilo, wasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Usalama Barabarani, NHTSA, kupitia tovuti yake. Mamlaka hii haitakulipia matengenezo, lakini malalamiko mengi ya sehemu moja yanaweza kuifanya ianzishe uchunguzi. Kwenye tovuti hiyohiyo tafuta taarifa za kiufundi ambazo kampuni imezituma kwa mawakala wake kuhusu modeli yako, kwani si ajabu kukuta kwamba tatizo lako limeshaelezwa humo. Angalia pia kama muda wa dhamana umeongezwa kimyakimya. Porsche ilipowaambia wamiliki wa magari 785 ya 911 GT3 mwaka 2014 waache kuyaendesha kwa sababu ya bolti za konrodi (fimbo zinazounganisha pistoni na kranki), ilibadilisha injini zote, na baadaye ikaongeza dhamana ya injini za modeli hiyo hadi miaka 10 au maili 120,000. Ukikuta nyongeza ya namna hiyo, hakuna haja ya kubishana tena.

Usuluhishi na mahakama

Kijitabu chako kitaonyesha kama kampuni inatumia chombo cha usuluhishi kama BBB AUTO LINE au National Center for Dispute Settlement. Ikiwa dhamana inakutaka upitie huko kwanza na chombo hicho kinafuata kanuni za FTC, lazima upitie kabla ya kushtaki chini ya Magnuson-Moss. Kanuni hizo zinataka huduma iwe bure kwa mteja na uamuzi utolewe ndani ya siku 40. Uamuzi haukufungi wewe, ingawa unaweza kutumiwa mahakamani kama ushahidi, kwa hiyo usiende mikono mitupu kwa kufikiri kwamba ni hatua ya kupitisha muda.

Ukishindwa hapo, kiasi cha madai ndicho kitakachoamua njia. Mahakama za madai madogo za California humruhusu mtu binafsi kudai hadi dola 12,500, na mahakama za aina hiyo Texas hufikia dola 20,000. Ukarabati wa bamba la sakafu unaweza kutoshea humo, chesisi nzima haitatoshea. Kwa kesi kubwa zaidi tafuta wakili wa masuala ya wateja, kwani Magnuson-Moss inairuhusu mahakama kuiamuru kampuni ilipe ada za wakili wa mteja aliyeshinda, na kwa sababu hiyo baadhi ya mawakili hukubali kazi bila malipo ya awali. Mpelekee pia mkataba wa mauzo, maana huenda una kifungu kinachokulazimisha kwenda kwenye usuluhishi wa faragha badala ya mahakamani. Katika majimbo mengi muda wa kushtaki kwa kuvunjwa kwa dhamana ya mauzo ni miaka 4, na kwa kawaida huanza kuhesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa.

Kampuni ikikubali kulipia kwa hisani, soma hati ya makubaliano kabla ya kusaini. Iwapo inasema kwamba unaachilia madai yote ya sasa na ya baadaye kuhusu gari hilo, omba yabaki madai ya ufa huo tu, na idaiwe dhamana ya maandishi kwa kazi ya kuchomelea na kuimarisha itakayofanywa, pamoja na nakala ya vipimo vya chesisi vilivyochukuliwa kabla na baada ya kazi hiyo.